Mama Mkwe Anataka Nimbatize, na Mkono Wake Sijawahi Kuushika

Mpendwa Shangazi Mellen,

Naomba unisaidie kabla ya Pasaka, maana hapa nilipo nimefurahi na nimekwama kwa wakati mmoja, na kila ninayemweleza shida yangu anacheka kwanza ndipo ananipa jibu lisilonifaa.

Mimi ni mkulima wa chai hapa Kiptere, nina mke anayeitwa Cheptoo na watoto, na tangu mwaka jana ninasoma theolojia kwa kompyuta. Usishangae Shangazi, ni kweli kabisa, chuo chenyewe kiko ng'ambo na lango lake sijawahi kuliona, lakini masomo yanatumwa kwa barua pepe mpaka ofisi moja pale Kericho mjini, na Bwana Phelix mwenye hiyo ofisi ananitolea kwa karatasi, nami nasoma nyumbani, naandika majibu, nampelekea ayapige chapa na kuyatuma, na mwalimu wangu ananijibu upesi kuliko vile ndugu yangu wa Nairobi hujibu barua zangu. Mwanzoni watu wa kanisa walikuwa wananiuliza kama upako nao utapitia kwa waya ya simu, lakini sasa wamezoea, na Pasta Ogari amenifanya mwinjilisti, na kanisa letu linamruhusu mwinjilisti kubatiza mradi pasta awe amesimama kando yake.

Sasa somo la kuhubiri lilinitaka nifanye mazoezi kwa sauti, na nikifanyia nyumbani watoto wanaangua kicheko, kwa hivyo nikaanza kuihubiria chai. Nachuma majani huku nahubiri, natupa kwa kikapu, nahubiri tena, na chai ni waumini wazuri sana, hakuna anayesinzia wala anayetoka nje kabla ya sadaka. Shamba langu limepakana na la mama mkwe wangu, katikati ni ua wa miti tu, na wewe unajua huku kwetu Wakipsigis mtu na mama mkwe wake ni heshima kubwa, na nyumba ya kina Cheptoo wameishika hiyo heshima kuliko wengi. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kumshika mkono, hatujawahi kula meza moja, na hata salamu zake huja kwangu kupitia watoto. Tukikutana njiani yeye anajifunika leso anapita upande wake, nami naangalia viatu vyangu. Tena kanisani alikuwa hakanyagi, na kila mhubiri aliyekwenda kwake alinyweshwa mursik, yale maziwa yetu ya mgando, akashiba, halafu akasindikizwa mpaka barabarani kwa adabu zote.

Kumbe siku hizo zote mama alikuwa nyuma ya ule ua na kikapu chake mgongoni, anasikiliza! Sikujua mpaka alipomwita Cheptoo akamwambia, "Ambia mzee wako ile maneno ya kusameheana arudie kesho. Mwisho wake sikusikia, nilikuwa nimeenda kupeleka majani kwa kituo." Shangazi, niliketi chini palepale jikoni nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kesho yake nikarudia, tena kwa sauti ya juu. Tukaendelea hivyo msimu mzima, mimi huku na yeye kule, hakuna anayemwona mwenzake. Halafu majuzi akamwita Cheptoo tena. "Nimeamini," akasema. "Nataka kuingia kwa maji. Na huyo wa chai ndiye anibatize. Kama si yeye, basi niachwe na majani yangu."

Cheptoo alilia kwa furaha, mimi nikalia naye, na ndipo nikakumbuka kwamba sisi tunabatiza mtoni, siku ya Pasaka, unamshika mtu mkono, unamshika mgongo, unamlaza ndani ya maji. Nitamshikaje? Shemeji yangu Kiptum, ambaye ndiye kifungua mimba wa mama, alikuja hapa jioni moja amekunja uso: "Shemeji, tunakupenda, lakini ukimshika mama kwa maji mbele ya watu, kule kwetu usikanyage tena." Nikamwandikia mwalimu wangu kwa barua pepe, naye akajibu kwamba mila isinizuie, nimshike mkono nimbatize. Pasta Ogari naye anasema, "Hiyo ni desturi yenu, bwana, mimi ni mtu wa Kisii, nisije nikaharibu." Tangu hapo nimeacha kuhubiri shambani kwa sababu naona haya nikijua yuko pale, nachuma kimyakimya kama mwizi wa majani, na mara nyingine nasikia mtu anakohoa nyuma ya ua. Nikikataa naogopa atarudi nyuma, na nikimshika nitamwaibisha mbele ya watu wake katika siku ambayo angefurahi kuliko zote. Nifanye nini?

Ni mimi, Mikono Mfukoni, Kiptere.

*

Ndugu Mikono Mfukoni,

Barua yako nimewasomea watu wote wa ofisi hii, na chai yetu ilipoa kwa sababu yako. Hongera sana! Kuna wahubiri wenye vipaza sauti na mahema ambao wangetoa ng'ombe wapate muumini mmoja kama huyo wa nyuma ya ua. Kwa hivyo kwanza toa hiyo mikono mfukoni na ufurahi.

Umeshafurahi? Basi sasa nikugombeze. Umemuuliza mwalimu wa ng'ambo, umemuuliza pasta, umemsikiliza shemeji, na sasa umefika mpaka gazetini. Mtu mmoja tu hujamuuliza, naye ndiye anayebatizwa! Hivi mkwe mzima amekaa na kikapu mgongoni msimu mzima, halafu mnakaa wanaume kuamua shida yake bila yeye? Najua huwezi kumwendea mwenyewe. Umtume Cheptoo, leo hii, amuulize swali moja: "Mama, unataka mikono yake ama unataka sauti yake?"

Akisema mikono, basi ni mikono. Heshima hiyo ni yake, na mwenyewe akiiweka kando siku moja hakuna wa kumkataza. Kiptum aitwe alisikie neno hilo kutoka kinywa cha mamake, kisha akunjue uso.

Lakini mimi Mgusii nimelelewa na heshima za wakwe, na nakwambia jibu lake nalijua. Huyo mama hakuamini kwa sababu ya mikono yako. Hata hajaiona vizuri. Alichokipenda ni sauti iliyopita kwenye miti, na kwako wewe alikuwa huru kusikiliza kwa sababu ulikuwa humwangalii. Hao wahubiri waliokunywa mursik yake walimkalia mbele ya macho. Ile mila unayoilalamikia ndiyo iliyokuwa kanisa lake.

Kwa hivyo panga hivi. Ndani ya maji aingie Pasta Ogari na mama mmoja wa kanisa, Cheptoo mwenyewe kama mnaruhusu, wamshike wao. Kiptum asimame na blanketi kavu, kazi hiyo itampoza hasira na mamake hatapata homa. Wewe simama ukingoni, nyuma ya majani kama kawaida yenu, na maneno yote ya ubatizo yatoke kwako, na maswali yote umuulize wewe. Pasta akubali hilo kabla ya siku yenyewe, msije mkabishana mtoni.

Mwalimu wako usimkasirikie. Anakutakia mema, ila hajawahi kusimama kwenye mpaka wa shamba lako. Mwandikie umweleze habari yote, ua, leso na kikapu. Mmekuwa mkituma masomo upande mmoja tu, na hili atajifunza yeye.

Na huo ukimya ulioanzisha shambani ukome. Aibu gani hiyo? Mama anakohoa pale kukuita, wewe unajificha! Kesho asubuhi ingia kwenye chai uhubiri, na ile ya kusameheana uirudie mpaka mwisho.

Kisha Pasaka ije. Utauliza kutoka nyuma ya majani, "Mama, unaamini?" naye atajibu kutoka majini, mbele ya wanawe wote, "Ninaamini." Litakuwa neno la kwanza ambalo mama mkwe wako amekwambia wewe mwenyewe, bila mtoto wa kulibeba. Najua utashindwa kusema kwa kulia. Jikaze, endelea na swali la pili, maana mama wa watu amesimama kwenye maji baridi.

Shangazi Mellen