Sikusema Nimeacha Kazi

Kihoto, Naivasha

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Natumaini goti lako limekubali ile dawa, na kwamba yule kuku wako mkorofi ameacha kutaga kwa jirani. Mimi ni mzima. Ziwa limerudi nyuma kidogo na chumba changu kimekauka, ingawa harufu ya matope bado iko. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza, na hili nataka nilimalize.

Unakumbuka nilivyokulilia kwamba hapa shamba la maua mshahara wangu unakatwa kodi ya serikali, na wenzangu tunaofungasha nao maua hawakatwi hata senti? Ukaniambia niombe. Niliomba, Mama, lakini pia nilienda ofisini.

Karani wa mishahara, Bwana Kiprono, alifungua kompyuta akaangalia, akasema, "Wewe umeandikwa mfanyakazi wa pili."

"Wa pili kwa nani, boss? Mimi hata kwa ndoa nilikataa kuwa wa pili!"

Alicheka, halafu akanieleza polepole. Serikali humpa kila mfanyakazi nafuu ya kodi, na kwa mshahara mdogo kama wangu nafuu hiyo inafuta kodi yote. Lakini unapewa mahali pamoja tu. Ukiwa na kazi mbili, nafuu inakaa kwa ile ya kwanza, na ile ya pili inakatwa tangu shilingi ya kwanza. "Na siku ya kuandikwa nilikuuliza kama umeacha kazi ya Nakuru," akasema. "Ukaniambia hujaacha, umeaga kidogo tu."

Haki, ndivyo nilivyosema. Na ndivyo nilivyomwambia Mama Wambui mwenyewe, yule mwenye kazi ya Nakuru. Unajua alivyonipokea pale Bondeni nilipotoka nyumbani na begi moja, akanilaza sebuleni kwake, akanifundisha kuoka mikate. Mtu kama huyo unamwambiaje umeacha kazi yake? Kwetu hakuna anayesema hivyo kwa mtu aliyemlisha. Nilimwambia, "Mama, naenda Naivasha kidogo, nitarudi." Akanijibu, "Sawa, aproni yako iko pale." Na mhasibu wake akaendelea kupeleka jina langu kwa watu wa kodi kila mwezi, kama bado niko.

"Lete barua yake kwamba uliacha," Bwana Kiprono akasema. "Bila hiyo siwezi kubadilisha kitu."

Mama, niliahirisha wiki nzima. Lakini bila hizo pesa siwezi kuhama huku kwa maji, na bila kuhama siwezi kukaa na mtoto wangu Nafula. Jumamosi nikanunua sukari na majani chai, nikaenda Bondeni.

Tulikunywa chai, tukaongea juu ya mvua, bei ya unga, harusi za watu. Akaniongeza chai. Aproni yangu ilikuwa inaning'inia kwa msumari wake, imefuliwa na kupigwa pasi. Nikaanza kulia hata sijasema neno.

"Umekuja kuniambia nini, Nasimiyu?"

"Mama, niliacha kazi."

"Ngai! Si nilijua siku ile? Ulibeba mpaka sufuria yako. Mtu wa kurudi habebi sufuria."

"Sasa mbona hukutoa jina langu?"

"Ningemtoaje mtu aliyesema anarudi?" Akajisugua bega. "Sikuandika mwingine. Nimekuwa nikikanda huo unga peke yangu, na huu mkono umekataa. Heri ungeniambia, mtoto wangu. Ningelia siku moja, halafu nitafute mtu."

Woiye, Mama. Nilidhani ni heshima, kumbe nilimwachia mzigo.

Barua alinipa, na mikate miwili juu yake. Bwana Kiprono alinirekebishia, na mwezi huu sikukatwa kodi. Zile zilizokwisha kukatwa nitazidai nikipeleka hesabu ya mwaka. Nimepata chumba huku juu, mahali maji hayafiki.

Lakini neno la Mama Wambui limekataa kunitoka, kwa sababu nawe, kila nikiondoka, nakuambia naenda kidogo. Najua unafagia kile chumba changu. Najua umekataa kuweka mahindi ndani yake. Mama, sitarudi kuishi nyumbani. Nitakuja kukuona, lakini maisha yangu yako huku.

Na shule zikifungwa nakuja kumchukua Nafula. Si kwa likizo, ni kabisa. Najua ndiye anayekuwashia moto asubuhi, na ndiye unayelala naye. Nimeogopa kuandika hayo maneno, lakini sitaki ukae ukimngoja. Lia, Mama. Halafu umwite Sarah, yule wa mwisho wa shangazi Rasoa, aje akae nawe. Nimeshaongea naye na amekubali, anangoja wewe tu.

Nisalimie shangazi mwenyewe, na kaka Wekesa na mke wake, na akina mama wote wa kwaya.

Naye Nafula mwambie afunge vitu vyake vyote. Hata kale kasufuria kake ka kuchezea, akabebe.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Nasimiyu