Sikio la Mwenye Haya

Mke mwenzangu Rukia,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko Mwanza kabla hujafungua bahasha. Hapa Dunda tu wazima. Babu yako analalamika kila jioni kwamba chai yangu haina iliki kama yako.

Umeniuliza kama mtu mwenye haya kama wewe aombe kusomea shahada ya ukunga. Haya hiyo, mjukuu wangu, umeirithi kwangu.

Nilipokuwa msichana nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, ana mimba kubwa. Mkunga akaniinamisha nisikilize tumbo kwa kibomba cha mbao.

"Umeusikia moyo wa mtoto?"

Nikatikisa kichwa kukataa, kwa haya.

Shangazi akacheka. "We mtoto, wasikiliza au walala?"

"Mwache," mkunga akasema. "Wengine huniambia wamesikia kabla hawajainama."

Nikatulia. Ndipo nikausikia, mbio mbio, kama cherehani ya nyumba ya pili. Nilitamani kazi ile, lakini mwaka uleule nikaolewa. Hadi leo cherehani ya jirani ikilia, huacha ninachofanya nikasikiliza.

Nilitaka uchague chuo cha karibu tu, uwe unalala kwangu. Lakini dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Jaza hata vya mbali.

Siku utakayousikia moyo wa mtoto kwa mara ya kwanza, nipigie simu. Haya ikikuzuia kusema, nyamaza tu. Nitajua.

Bibi yako, anayekungoja