Bibi Hatoki Wodini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo, isipokuwa Bibi, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Shangazi amesema umeagiza Bibi arudishwe nyumbani anywe mizizi. Nisamehe, Baba. Nimekataa.

Si malaria, kama ulivyoambiwa kwenye simu. Shangazi alipaka sumu ya panya kwenye kipande cha nyanya, akakiweka chini ya kabati. Unamjua mama yako, hawezi kuona chakula kinatupwa. Alikiokota, akakisuuza, akala. Alipoanza kutapika, Shangazi akamnywesha maziwa, kumbe sumu ile huchanganyika na mafuta. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema maziwa yaliisaidia kuingia mwilini.

Kesho yake Bibi akaamka mzima kabisa. Akasema uji wa wodini ni maji yaliyosimuliwa habari za unga. Shangazi akacheka, akauliza mgonjwa gani ana mdomo kama huo, akaanza kufunga mizigo. Mimi nikamfuata daktari. Alinieleza kwamba sumu hii hutulia kwanza, halafu hulivamia ini, na ini likiharibika damu haigandi. Nikarudi, nikasimama mlangoni. Shangazi akaniita daktari wa sare za shule, akauliza nani amenifundisha kubishana na wakubwa. Sikusogea.

Haikupita muda macho ya Bibi yakawa manjano na fizi zikaanza kutoka damu. Sasa ana dripu ya dawa ya kulisaidia ini, na huchomwa sindano za kugandisha damu. Tangu jana fizi zimekauka. Manjano bado. Daktari hakuniahidi kitu, ila alisema ini hujijenga upya likipewa nafasi. Nafasi hiyo ndiyo ninayoipigania. Shangazi usimgombeze, analia, na bado anasisitiza mizizi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Gauni na viatu vya Bibi vilivyopotea hapa wodini havikuibwa. Ninavyo mimi, chini ya vitabu vyangu. Bibi hawezi kukatiza mtaa na shuka la hospitali, anajiheshimu mno. Anamshuku mfagiaji, Mungu anisamehe. Usiniagize nivirudishe, Baba, maana hilo sitakutii mpaka daktari aseme.

Bibi anakusalimu sana, anasema uje umtoe. Njoo, lakini uje kukaa naye.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Kitindamimba wako