Udongo wa Nyuma ya Zizi

Kagendo wangu,

Kiti chako hapa maabarani hakuna anayekikalia. Yule kijana mpya alijaribu siku moja, nikamwangalia tu, akainuka mwenyewe. Najua ungenicheka.

Nina habari, na sina mwingine wa kumpigia kelele. Unakumbuka ile bakteria uliyoitoa kwenu Kanyakine, nyuma ya zizi la mbuzi? Ulileta udongo hapa Embu kwenye kopo la majani ya chai, ukanisukumia puani: "Nusa, Wanja, hii ndiyo mvua ya kwetu!" Ukanitania eti sisi wa Gachoka mvua tunaisikia kwa kusimuliwa. Mjinga wewe. Vijidudu sugu vina kimeng'enya kinachokatakata dawa kabla haijafanya kazi. Wewe ulikiita mkasi. Siku tulipoona bakteria yako inatoa kitu cha kuukwamisha huo mkasi, ulicheza ngoma ukiwa na koti lako jeupe hadi ukavunja chupa.

Halafu moyo wako ukasimama, ghafla vile. Niliporudi kutoka kukuzika nikakuta stima ilipotea wikendi yote, barafu ya friza imeyeyuka. Ilibaki sahani moja tu ya kuoteshea, yenye bakteria yako. Bakteria ikaendelea kuota, ikanenepa, lakini kile kitu haitoi tena. Nililia, Kagendo. Ilikuwa ni kama kukuzika mara ya pili.

Ikabidi niende kwenu kuchota udongo upya. Lakini nyuma ya zizi ndipo walipokulaza. Na watu wetu unawajua: ukionekana unachota udongo wa kaburini, wewe ni mchawi, basi. Nilipofika kwenu nikanywa chai, nikaongezwa, nikanywa tena, kijiko na mifuko vimo kwenye mkoba, mdomo mzito. Mama yako ndiye aliyeniambia, "Huo mkoba ni kama wa Kagendo wa kuchotea udongo. Sema."

Nikasema. Aki, nilitamani ardhi inimeze. Kisha mama akachukua jembe, akachimba mwenyewe kando yako, majirani wakichungulia juu ya ua. Alinipa sharti moja tu: udongo utakaobaki usitupwe, urudi nyumbani.

Sasa sikia. Leo asubuhi nimefungua sahani niliyoweka vijidudu sugu pamoja na dawa, na kuizunguka bakteria kuna duara safi, vijidudu vyote vimekufa. Ni yenyewe, nimenusa, ni ile harufu ya mvua yenu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nikageuka nikuambie, nikakiona kiti.

Dawa yenyewe bado ni safari ndefu, na pengine itatushinda. Lakini sitaiacha, nakuapia. Lala vizuri, dada yangu. Jumamosi nauleta udongo wako, nitausawazisha kwa mikono yangu, mama akiniona. Wote, isipokuwa ile punje iliyokwisha kuota kwenye sahani.

Ni mimi,
Wanja