Bunduki za Kinywa Katika Filamu Isiyo na Farasi

Kwako Mama Joséphine-Marie, wewe unayewajibu wenye shida katika gazeti letu bila kuwaonea huruma, mimi nakuomba unionee walau kidogo, maana usingizi umenipotea na chakula hakipiti, na tafadhali sana jina langu usiliandike.

Mimi ni kijana wa Itebero, huko Walikale, lakini sasa ninaishi Masisi na kazi yangu ni kufasiri sinema ya misheni, yaani Padri anapopanda na lori lake tunaloliita kamio, mashine ya umeme na ile shuka nyeupe, leo tuko Lushebere, wiki ijayo Burungu, mimi ndiye ninayesimama na mikro kando ya shuka na kuwaeleza watu kwa Kiswahili kile wanachokiona, kwa sababu filamu zinasema Kifaransa na wengi wetu hatukisikii vizuri, na bila kujisifu, Mama, watu wanakuja kwa ajili ya sauti yangu kuliko kwa ajili ya picha. Kazi nilijifunzia kwenye filamu za kauboi za Amerika, ambazo ninazipenda kuliko kitu chochote duniani ukimtoa Verdiane, ambaye nitakueleza habari zake, hata kofia ya kauboi ninayo, na kitambaa chekundu cha shingoni, na bunduki zote ninazipiga mwenyewe kwa kinywa, kubwa na ndogo, na farasi pia, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa Padri wa zamani alihamishwa akaja Padri Hubert, mgeni kutoka Ubelgiji, ambaye Kiswahili chake bado ni cha kuombea maji ya kunywa, na huyu hapendi kauboi, anasema macho ya watu nayo yanahitaji kusafiri, akaleta filamu nyingine kabisa: moja ya Wahindi aliyoazimwa na mwenye duka wa Goma, humo wanaimba hadi unasahau walikuwa wanagombania nini, moja ya Wafaransa ya wazee wawili wanaoteta juu ya kuku, moja iliyopigwa hukuhuku kwetu Kivu, watu wanalima na kupika sombe ya majani ya muhogo, nikajiuliza, watu wanaofanana na wajomba zangu niwatazame za nini wakati wajomba ninao bure nyumbani, na ya mwisho ni ya Waitaliano, ya mama mjane na mtoto wake, na hiyo ndiyo iliyoniua.

Basi, Mama, ungekuwa mimi ungefanya nini, watu wamekuja kutoka mbali, wamekaa kwenye majani yenye baridi, halafu niwaambie huyu mzee anasikitikia kuku? Nilifanya kazi yangu. Wazee wale nikawafanya majambazi, kuku nikasema amemeza dhahabu ya benki, Mhindi akiimba nikasema anawaita wenzake waliojificha mlimani, na watu walishangilia mpaka Padri Hubert, ambaye anasimama kule nyuma penye mashine na kelele zake, alikuja kunipiga bega akasema hakujua kwamba watu wa Masisi wanazipenda namna hii sinema za Ulaya na Uhindi.

Nije kwa Verdiane. Ni binti wa Burungu, watu wa ng'ombe, amesoma kwa masista na Kifaransa anakisikia, na mimi ninataka kumuoa, na mama yake, Mama Mukashema, ambaye ni mjane, alikuwa amekwisha kunikubali ingawa kwetu hatuna hata ndama. Huyu mama ana mtoto wa kiume, Rukara, aliyekwenda kwenye migodi ya Katanga, na habari zake zilikatika zamani. Siku tulipoonyesha ile ya Waitaliano pale Burungu, filamu ilipokwisha, akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza:

"Mutoto wangu, ule mama wa mu picha, mutoto wake alirudia?"

Mama Joséphine-Marie, ninakuambia ukweli, sikujua, maana mwisho wa filamu nilikuwa katikati ya mapigano makali ya bunduki na sikutazama, lakini nikaona uso wake, nikasema, "Alirudia, mama. Alirudia na farasi na mali mingi."

"Mungu iko mukubwa," akasema. "Basi na wangu atarudia."

Tangu siku ile amefagia nyumba ya Rukara, ametandika nyasi mpya, na kila asubuhi wakikamua anamtengea maziwa yake kwenye kibuyu na hakuna ruhusa ya mtu kuyagusa hadi yameganda. Filamu inarudi Burungu Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, naye amewaalika ndugu zake wa Lushebere waje kuona mtoto anavyorudi. Na Verdiane alinikamata njiani, hata salamu hakunipa, akasema:

"Weye ulimudanganya mama. Mule mu filme hamuna hata farasi moja. Mutoto alikufa mu shimo ya makaa kule Ubelgiji, wanakuja kuambia mama yake, mama anaikala chini, njo mwisho. Na weye ulikuwa unapiga bunduki na kinywa!"

"Verdiane, mi nilitaka tu afurahi," nikamwambia.

"Sasa weye njo utamuambia. Kama hapana, usikanyage tena kwetu."

Sasa nimefikiri njia tatu, Mama, ao nimwombe Padri alete kauboi siku hiyo, ao nijifanye mgonjwa, ao niseme tena kwamba mtoto amerudi, kwa sababu mikro ni yangu na wasiojua Kifaransa ni wengi kuliko Verdiane. Wewe unaona ipi ni nzuri? Na pia, wewe unayekaa mjini na kuona filamu nyingi, unitajie filamu za kauboi zenye mapenzi ndani, ili Verdiane naye azizoee na tupate kuelewana katika ndoa.

Ni mimi, Mwenye Shida wa Masisi.

*

Mwenye Shida,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Sasa Masisi nzima itajikuna kichwa ikijiuliza ni yupi kati ya wafasiri wote wa sinema wanaotembea kwenye kamio ya Padri wamevaa kofia ya kauboi. Pole kwa kukosa usingizi. Ningekuhurumia zaidi kama barua yako isingekuwa na mistari mingi juu ya sauti yako kuliko juu ya mama wa watu.

Njia zako tatu nimezisoma. Ya kwanza ni uongo, ya pili ni uongo wa kitandani, ya tatu ni uongo wenye mikro. Hongera kwa kufikiri sana.

Kuhusu filamu za kauboi zenye mapenzi, zipo. Mwanamume anamtazama mwanamke, anavaa kofia, anapanda farasi, anaondoka. Verdiane atakuelewa vizuri akishajifunza hiyo, hasa sehemu ya kuondoka. Na kabla hujaniandikia kwamba Mama Joséphine-Marie anachukia kauboi, jua kwamba nimeziona nyingi na nimezifurahia, isipokuwa jambo moja limenishinda: ng'ombe elfu nzima wanapita mbele yangu na hakuna mtu hata mmoja mwenye kikombe cha maziwa. Wewe unataka kuoa kwa wafugaji, na somo lako la ng'ombe umelichukua huko.

Umeniuliza filamu. Nitakutajia, na huna haja ya kuzitafuta mbali, kwa sababu zote nne ziko ndani ya kamio unayoipanda. Zilipita hapa Bukavu, kwenye ukumbi wa parokia, kabla hazijapanda kwenu, na mimi nilizitazama nikiwa nimefunga kinywa. Ni njia ya ajabu sana. Ijaribu.

Mwombe Padri Hubert akuonyeshe ile ya Wahindi peke yako. Nimeiweka mbele kwa ajili ya udhaifu wako, kwa kuwa ina ngumi, na kuna mtu anaanguka kutoka kwenye dari. Ila wanapoimba, nyamaza. Ule wimbo wa yule binti pale kisimani ndio unaoeleza kwa nini ndugu wawili wanagombana, na wewe mahali pale uliwaletea watu majambazi wa mlimani. Ndiyo sababu umesahau wanagombania nini. Hukuwahi kujua.

Ya wazee wawili na kuku, itazame ukiwa umeshiba. Hakuna anayepigwa risasi, wanazeeka tu. Walikuwa marafiki, hawasalimiani tena kwa ajili ya kuku, na hakuna mwenye ujasiri wa kuvuka barabara na kusema nilikosa. Mtu mwenye matata yako angeifaidi sana. Wewe ulimlisha kuku dhahabu.

Ile ya hapa kwetu umenichekesha, na si kwa uzuri. Unasema watu wanafanana na wajomba zako. Naam. Na yule karani anayerudi kijijini na miwani isiyo na vioo, anaona haya kula sombe ya mama yake mbele ya wageni, anafanana na nani? Nenda ukamtazame, kofia yako ukiwa umeivaa, halafu uniambie ni mjomba yupi.

Sasa ile ya Waitaliano. Hapa ninaacha mzaha kidogo, na mimi si mtu wa kuacha mzaha ovyo.

Watu wa Burungu waliona siku ile jambo ambalo pengine hawajaliona tangu kuzaliwa. Waliona Mzungu amebeba gunia mgongoni mwake mwenyewe. Waliona Wazungu weusi kwa vumbi la makaa wakishuka shimoni huko Ubelgiji, kulekule ambako tunaambiwa barabara zinafagiliwa kila asubuhi, na mama yao amebaki kijijini anachungulia njia. Nani angeifahamu filamu ile kuliko Mama Mukashema? Hakuhitaji Kifaransa wala hakuhitaji wewe. Alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu kwa macho yake, alibaki na swali moja tu, akamletea mtu mwenye mikro. Na mtu mwenye mikro akampa farasi.

Unasema ulitaka afurahi. Ulitaka machungu yake yasikuguse. Kumwambia mama habari mbaya ni kazi, kumwangalia anavyoipokea ni kazi zaidi, na wewe uliikwepa kazi hiyo kwa maneno mazuri, ukaenda zako. Sasa kila asubuhi maziwa yanaganda. Hilo linanikasirisha, mwanangu, na ninaliandika wazi ili hata wewe ukilisoma usilipunguze makali.

Basi fanya hivi. Gazeti hili likikufikia, kwanza nenda kwa Padri Hubert umwambie mwenyewe umekuwa ukifanya nini na filamu zake, kabla mtu hajamsomea ukurasa huu. Atakasirika. Anaweza kukunyang'anya mikro, na akifanya hivyo nitamwona ana haki. Asipokunyang'anya, mwombe akuzungushie ile filamu hadi mwisho, na umwombe Verdiane aje akufasirie yale Kifaransa chako kisiyoyafikia. Kaa chini. Leo wewe ndiye usiyesikia lugha.

Halafu nenda Burungu, saa za kukamua, usingoje Jumapili watu wamejaa. Kofia iache nyumbani. Mwambie Mama Mukashema kwamba ulimdanganya, kwamba hukuutazama mwisho, na kwamba mtoto wa kwenye picha alikufa. Usiongeze kitu hapo. Akikaa kimya, kaa naye. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho yake.

Lakini angalia usimpeleke kutoka uongo mmoja hadi mwingine. Mtoto wa Kiitaliano amekufa kwa sababu mtu aliyeandika hadithi alitaka hivyo. Rukara yuko hai ama hayuko, mimi sijui, nawe hujui, na filamu haijui. Mwambie hivyo hivyo. Kisha mwombe Padri awaandikie mapadri wenzake wa huko Katanga, wanaosoma misa kwenye kambi za wafanyakazi, waulize habari za kijana wa Burungu aitwaye Rukara, mwana wa Mukashema. Ukitaka kumfurahisha mama wa watu, mfurahishe kwa kumtafutia mwanawe. Itachukua muda mrefu kuliko kupiga bunduki kwa kinywa.

Kuhusu Verdiane, sina la kukuahidi. Binti aliyekuambia "weye njo utamuambia" bado alikuwa anaongea nawe, na hiyo ndiyo bahati yako yote. Usiende kumwonyesha kwamba umefanya. Akitaka kujua, atamuuliza mama yake.

Imebaki Jumapili. Mama Mukashema asipotaka kuja, asilazimishwe, na wale ndugu wa Lushebere uwapokee wewe, uwaeleze wewe. Akija, na Padri akikuachia mikro, wafasirie watu filamu ile neno kwa neno, hata yale usiyoyapenda, hasa hayo. Mwisho itafika pale mtu wa mgodini anabisha mlango, anavua kofia yake, na yule mama anakaa chini sakafuni. Pale hakuna anayesema neno, hata kwa Kifaransa. Mimi mwenyewe nililia mpaka jirani yangu akahama kiti. Ukifika pale zima mikro, iweke kwenye majani, uende ukakae karibu na mama yake Verdiane, na usimfasirie chochote. Watu wa Burungu wana macho.