Muhuri Uliokwenda Nao

Mama,

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako, na nina hasira. Najua ungeniambia nianze na salamu. Shikamoo, Mama. Sasa nisikilize.

Wiki tatu baada ya arobaini yako, lori la mafuta lilipinduka pale kwenye kalavati, barabara ya Nzega. Dereva alitoka mzima, tukamshukuru Mungu. Lakini tangi lilipasuka, na mafuta mazito, meusi tititi, yakashuka korongoni hadi kwenye lambo. Lambo lako, Mama. Lile ulilolilinda miaka yote ukiwa katibu wa kikundi chetu cha maji, ukinipigia kelele mpaka watu wa gulioni wanasikia: "Kabula! Punda wa nani yule ndani ya maji? Mtoe, anywee nje!" Asubuhi ile hapakuwa na punda wala ndege. Nilisimama ukingoni nikalia kuliko nilivyolia siku ya kukuzika. Nisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Hatukungoja mtu. Unakumbuka ile pamba fifi, ile chafu waliyoikataa kwenye mizani, nawe ukakataa tuitupe? Tuliijaza kwenye vyandarua vilivyochakaa, tukavishona kama mito mirefu ya kulalia, tukaifunga kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Pamba ambayo haijachambuliwa inaelea, inanyonya mafuta na kuyaacha maji. Wewe ndiye uliyetuonyesha, siku chemli ilipomwagikia kwenye beseni la maji ukayaokota mafuta ya taa kwa bonge la pamba huku unacheka. Mzee Shija, yule uliyegombana naye kila kiangazi kwa ajili ya ng'ombe wake, alileta mkokoteni mzima wa fifi bila kuombwa. Alisimama majini siku nne, miguu ikababuka. "Yule mama angeniona leo asingeamini," akasema. Mimi mwenyewe nilikuwa siamini.

Na wenye lori? Walikuja siku ya tano, wamevaa majaketi ya kung'aa, viatu havijagusa tope. Wakasimama mbele ya mito yetu ya pamba wakapigwa picha, kana kwamba wao ndio walioishona. Kisha wakapanda gari wakaenda zao.

Basi nikaandika barua ya malalamiko kwa niaba ya kikundi, maana ukatibu wako wameniachia mimi. Kwamba mafuta mengine yamezama kwenye tope, ng'ombe wanaharisha, kisima cha jirani kinanuka, na waje waondoe tope lote. Nikaipeleka mjini, ofisi ya wilaya. Karani hakusoma hata mstari mmoja, alitazama chini ya ukurasa tu. "Muhuri wa kikundi uko wapi, dada? Bila muhuri hii ni karatasi tu."

Mama, tulipekua nyumba nzima. Sandukuni, kwenye mtungi wa karanga, chini ya godoro, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Ndipo shangazi Limi akashika kichwa. Wewe hukuwahi kuuweka sandukuni. Uliufunga kwenye pindo la kitenge, ukienda shamba upo, ukienda kanisani upo, kwa sababu hukumwamini mtu. Na shangazi ndiye aliyekuvika kitenge kile cha bluu siku ya mwisho. Anasema alihisi kifundo, akadhani ni rozari yako ndogo, akaona haya kukifungua. Nani kwetu hufungua pindo la mwanamke mwenzake, tena akiwa maiti? Ukazikwa na muhuri wa kikundi. Tulicheka, mimi na shangazi, tukacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

Habari zikawafikia wenye lori. Wiki iliyofuata bwana mmoja wa kampuni ya lori akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wageni, akanipa pole ya msiba. Kisha akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi inayosema lambo limesafishwa, maji ni salama, na kikundi hakina dai lolote. Na muhuri mpya! Wametuchongea, Mama. Jina la kikundi chetu limezunguka vizuri kabisa. "Tumewarahisishia kazi, dada," akasema huku anatabasamu. "Gonga tu hapa kwenye nafasi ya katibu."

Nani aliwatuma wachonge jina letu? Ukweli wetu umeitwa karatasi tu, halafu uongo wao unakuja na muhuri wake mfukoni! Lakini sitakuficha. Alipoondoka akaniachia bahasha ili nifikirie, nilifikiria kweli. Ningeugonga kwenye barua yetu, si ya kwao, nayo ingepokelewa kesho yake. Nilikuwa nimeshaufungua, Mama. Shangazi akaniuliza, "Huo mmoja wamekuletea wewe. Unajua wamechonga mingapi? Ukiutumia leo, kesho watagonga yao na kusema ni wetu." Nikaurudisha kwenye bahasha, bahasha nikampelekea mwenyewe.

Jumatatu nikaitisha kikundi palepale lamboni. Nikautoa majini mto wa pamba uliokuwa mweusi kuliko yote, nikauweka juu ya meza. Mzee Shija akawa wa kwanza. Akakandamiza dole gumba kwenye pamba, kisha kwenye barua. Akafuata shangazi, wakafuata wote, ukurasa ukajaa tukageuza nyuma. Nikaipeleka kwa karani. Aliishika, akajitazama vidole, akavipangusa kwenye kitambaa, weusi haukutoka. Harufu ikajaa ofisi nzima. Nikamwambia, "Muhuri wetu ndio huo, kaka." Akaandika kwamba imepokelewa, huku amekunja uso.

Tope bado lipo. Wenye lori wamesema watakuja, nami nimewaambia nitakuwa mlangoni kwao kila Jumatatu mpaka waje.

Kuna aliyesema kaburi lifunguliwe, muhuri utolewe. Nilimjibu kwamba ataanza kwa kunizika mimi. Lala nao, Mama. Pindo lako halitafunguliwa na mtu, na karatasi yao haitapata alama yangu hata wakichonga mihuri elfu. Siku lambo litakapokuwa safi nitakuletea maji yake kwenye kata yako, nimwagie yale maua uliyoomba yapandwe kaburini kwako.

Kwaheri, Mama yangu. Hapa chini nimeweka dole gumba langu. Sikuhitaji wino. Nimelisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, na bado ni jeusi.

Mwanao,
Kabula