Kichwa cha Siku Mbili

Chumba changu, juu ya saluni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, una kikombe chako cha chai, na hakuna anayekuita jikoni. Hujambo? Baba Mdogo hajambo? Goti lake limepoa, au bado anapanda ngazi huku akizitukana? Na yule paka wenu mwizi, bado mnamlisha?

Mimi sijambo. Kwa watu wengine huwa naandika kwamba mimi ni mzima wa afya tele, lakini wewe na mama mnajua yaliyopo, kwa hiyo kwako sina haja ya kupamba. Asubuhi vidole ni vigumu kama vya mtu aliyevaa glavu za ngozi, ikifika saa nne vimelegea. Dawa ya kila wiki naimeza bila kukosa, kesho yake kichefuchefu kinanisumbua kidogo, halafu naendelea na mambo yangu. Nakula, nacheka, nguo hazijanipwaya.

Barua hii ni ya shukrani, ila kwanza niombe radhi. Mwaka jana nilipokuandikia kwamba daktari amesema ni baridi yabisi, ulinijibu kwa mistari minne. Ulisema nisimwambie mtu yeyote kazini, maana msusi mwenye vidole vigonjwa nani atampa kichwa chake? Nikakutii mwaka mzima. Mwezi uliopita nikasema, Mama Mdogo, tena mbele ya watu. Nisikilize kwanza kabla hujanuna.

Unajua rasta zikishasukwa ncha zake huchovywa kwenye maji ya moto zisifumuke. Basi mimi nilikuwa nashuka saluni kwa mlango wa ndani kabla ya wote, nachemsha maji, nayamimina kwenye beseni, yakipoa kidogo nalowesha mikono mpaka vidole vikubali kukunjika. Mwenzangu mmoja tunayemwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo, akaenda kwa Bosi kunisifu kwamba hajaona mchapakazi kama mimi, maji yako tayari kabla hata mlango haujafunguliwa vizuri. Bosi akanikabidhi funguo. Nikapandishwa cheo kwa kujikanda mikono.

Shida ya maradhi haya ni kwamba hayana bandeji. Nikikaa, mvivu huyo. Nikikataa mwaliko, anaringa. Kuna siku Kasuku aliniambia ana hamu awe na mwili kama wangu, na siku hiyo nilikuwa nimeshindwa hata kufungua kifuniko cha dawa ya meno.

Sasa Ijumaa moja akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Mama mzima, mkavu wa maneno, wa kukuangalia juu ya miwani. Alitaka rasta ndogo ndogo, za kuchukua saa saba nzima, kwa sababu Jumatatu shuleni kulikuwa na sherehe ya kugawa zawadi na yeye ndiye wa kusimama mbele. Akapanda kwenye kile kiti kirefu, nami nikasimama nyuma yake, mikono juu. Upande wa kushoto nikaumaliza vizuri sana, hata mimi nilijisifu. Nilipoanza wa kulia, mkono ukagoma. Kitana kilidondoka mara ya kwanza, nikaomba samahani. Kikadondoka mara ya pili. Mara ya tatu sikukiokota. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia juu chumbani, nikajifungia.

Kasuku hakuweza kumalizia. Kila msusi na mkono wake, mmoja anabana, mwingine analegeza, na kichwa cha mikono miwili kinajulikana toka mlangoni. Kwa hiyo mwalimu mkuu akajifunga kitambaa, akaondoka na nusu kichwa. Bosi alipanda ngazi kuniambia kupitia mlangoni kwamba katika miaka kumi na tisa hajawahi kumtoa mteja nusu, na kwamba akirudi huyo mama kudai haki yake, mimi ndiye nitakayejibu.

Siku tatu hizo sikulala vizuri. Kazi yenyewe ndiyo ninayoijua, na ndiyo ninayoipenda. Nilikuwa naitazama mikono yangu nikiichukia.

Jumanne akarudi, kitambaa kichwani, kimefungwa vizuri ajabu. Draya zikazimwa moja moja. Akaniangalia juu ya miwani.

"Tumbo limepona?"

Bosi alikuwa amesimama pale na mikono kiunoni. Nikataka kusema ndiyo, na ndiyo yenyewe ilikuwa imeshafika mdomoni. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Mwalimu, halikuwa tumbo. Ni mikono. Nina baridi yabisi, huu mwaka wa pili."

"Baridi yabisi?" Bosi akadakia. "Wewe? Si ugonjwa wa mabibi huo? Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na yale maji ya asubuhi?"

"Nilikuwa nakanda mikono, Bosi."

"Hee! Na funguo nikakupa!"

Kasuku akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa, na wateja wawili wakamfuata. Bosi mwenyewe alikuwa anauma midomo. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliuliza inauma wapi zaidi, nikamwambia mabegani na vidoleni, hasa nikiinua mikono kwa muda mrefu. Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akachukua mto wa kwenye kochi, akaketi chini sakafuni. "Leta kiti kifupi ukae," akasema. "Mimi mama yangu alinisuka hivi mpaka nikaolewa. Hayo mambo ya kukaa juu kama hakimu mmeyatoa wapi?"

Nikakaa. Kichwa chake kikawa kati ya magoti yangu, mikono nikaiegemeza mapajani. Mama Mdogo, nilisuka kwa muda wa saa tatu bila kuangusha kitu. Akaniambia Jumatatu ile alihutubia wazazi mia mbili na nusu kichwa, na watatu walimuuliza kitambaa kile kimefungwaje. Nilimshukuru mpaka akaniambia nyamaza usuke.

Tangu siku hiyo Bosi ameweka utaratibu mpya. Anayenitaka mimi anaketi chini kwenye mto, anasukwa nusu leo na nusu kesho, na katikati anaenda nyumbani na kitambaa cha saluni. Nilidhani hakuna atakayekubali. Kumbe kuna wanawake wengi ambao hata wao saa saba kwenye kiti zinawachosha, na wengine wana watoto wadogo nyumbani. Sasa wanaomba "kichwa cha siku mbili" kama kwamba ni mtindo. Si wote. Mmoja alisema hataki kuambukizwa. Bosi akamjibu kwamba umbeya ndio unaoambukiza, na akamwonyesha Kasuku. Asubuhi maji sasa anachemsha Kasuku, ananiletea beseni mwenyewe, na maneno mengi juu yake. Namshukuru Mungu kwa hao wote, hata kwa kelele zao.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nikae niandike. Mwaka jana daktari wangu aliniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine mwenye maradhi haya, mama, bibi, shangazi, yeyote. Nikasema hapana, bila hata kufikiri. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kifupi, kichwa cha mtu magotini, vidole vikaanza kuchoka, nikamwambia mteja, "Ngoja kwanza nipumue."

Sauti iliyonitoka ilikuwa yako, Mama Mdogo. Nilishtuka nikageuka.

Nikakumbuka Jumamosi zile, mama hana subira na vichwa vya watoto, wewe ndiye unayeniketisha kati ya magoti yako. Unasuka mistari minne, mitano, halafu unasema, "Ngoja kwanza nipumue." Nikakumbuka beseni lako la asubuhi, unalowesha nguo, unasema, na mimi mtoto mchokozi nilichungulia siku moja sikuona hata soksi. Na Jumatatu ngapi nilienda shule na kitambaa, upande mmoja umesukwa, mwingine bado? Ulikuwa unasema uzi umekwisha. Wenzangu wakiniuliza, nami nilisema uzi wa Mama Mdogo umekwisha. Rili ya uzi ilikuwa pale pale dirishani, imejaa.

Sikulaumu hata kidogo. Uliniambia nifiche kwa sababu ndivyo wewe ulivyoweza kuishi, na ulitaka nami niweze. Lakini nimekuwa nikihesabu hizo Jumamosi, na sasa najua kila mstari ulikuwa unakugharimu nini. Hukuniacha siku hata moja nikaenda shule nywele timutimu. Kazi inayonilisha niliipata kwa kuangalia vidole hivyo hivyo kwenye kioo. Asante, mama yangu. Nilitakiwa niseme miaka mingi iliyopita.

Tarehe ishirini na tisa narudi kwa daktari, na najua atauliza tena. Sitaki kumdanganya, na sitaki kukusema bila ruhusa yako. Dawa zipo, na wewe bado una miaka mingi ya kuzifaidi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, tuketi wote wawili kwenye benchi la kungojea daktari, tumsengenye Baba Mdogo.

Nisalimie yeye na goti lake. Msalimie babu, mwambie miwani aliyoagiza nimeiona na nitaileta. Binamu zangu wote uwape salamu, hasa yule mdogo anayejifanya hanikumbuki. Mungu awafunike kwa rehema zake, na mkono wake uwe juu ya mikono yako.

Niandikie, hata kama ni mstari mmoja. Herufi zikipinda nitazisoma. Barua zako zote fupi zinaisha kwa kusema wino umekwisha, na mimi nilikuwa naamini. Ndani ya bahasha hii nimetia kalamu mpya. Nimeizungushia kitambaa iwe nene, maana sisi ndivyo tunavyoishika vizuri.

Mwanao, anayekupenda kwa mikono yote miwili,
Sisimizi wako.